Sado ya Zege

Nyumba tuliyokulia imevunjwa. Kila mtu wa rika langu aliyekulia Kariakoo ana nyumba yake iliyovunjwa, kwa hiyo sitegemei pole ya yeyote. Mwenye nyumba ameuza, panajengwa ghorofa, na mwezi uliopita nilipita pale na mwanangu Hashimu tuone kama kuna cha kuokota kabla tingatinga halijamaliza upande wa uani. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha juu ya kifusi, na pale palinuka saruji iliyolowa, harufu ya baridi kidogo, kama ya mtungi mpya. Harufu ilinifikia kabla macho hayajaona kitu. Kisha nikaiona, nyuma ya palipokuwa choo. Sado ya zege.

Wa umri wangu hawahitaji kuelezwa sado ni nini. Ni lile kopo la rangi la plastiki ambalo rangi ikiisha linageuka kipimo cha sokoni, la kupimia maharage, choroko, unga, chochote. Plastiki ya hii ilishapasuka na kung'oka miaka mingi, limebaki zege lenye umbo la kopo, lina tundu katikati, na juu yake pameandikwa 4 kwa ncha ya msumari. Mwandiko ule ni wangu. Mguu wa ile nne niliupinda kwa mbwembwe, maana nilikuwa darasa la tano na nilijiona mwandishi.

"Mama, hii nini?" Hashimu akauliza. Ana miaka kumi na tano, siku hizi anakwenda jimu, na kila asubuhi ananidai mayai manne kana kwamba nafuga kuku.

"Chuma cha mjomba wako."

Akaishika kwa mkono mmoja, akaipandisha kifuani mara mbili tatu kama wanavyofundishwa. "Nzito. Hii inakaribia kumi," akasema. Kisha akaigeuza akaona namba. "Mbona imeandikwa nne?"

Mtoto alikuwa amelijua kwa mkono mmoja, kwa dakika moja, jambo ambalo mimi nimelificha tangu nikiwa mdogo kuliko yeye. Nilimwambia aitie kwenye mfuko, tunaipeleka Buguruni kwa mjomba wake.

Mama yetu alikuwa anauza maharage na choroko sokoni. Baba alikuwa dereva wa malori ya mikoani, tulimwona kama mgeni, anakuja na machungwa anaondoka na nguo safi. Tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu Zuberi, aliyenipita miaka minne. Zuberi alikuwa mwembamba na mrefu, shingo ndefu, na watu wa soko walimwita Mwiko. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kucheka, mpaka siku ya gunia.

Siku hiyo lori lilileta maharage ya mama, na wapagazi walikuwa wachache. Magunia yenyewe yalikuwa lumbesa, yale yanayojazwa hadi mdomo kisha yakashonewa kilemba juu, gunia moja likawa kama moja na nusu. Mama alikuwa anahangaika, na Zuberi akasema atabeba yeye. Wapagazi wakamtwisha mgongoni huku wakitazamana. Alikwenda hatua saba. Nazikumbuka kwa sababu nilikuwa nyuma yake nazihesabu kwa fahari. Ya nane magoti yakakunjika, gunia likamtangulia chini likapasuka, maharage yakaingia kwenye tope la maganda na maji ya samaki. Soko zima lilicheka. Mpagazi mmoja akamwinua kwa ukosi wa shati, akamwambia bila ubaya wowote, "Dogo, kale ugali kwanza, halafu ndo uje."

Mama alichuchumaa akaanza kuokota, punje kwa punje, kanga yake ikiburura topeni. Wiki mbili tulikula yale maharage yaliyooshwa. Zuberi aliyala yote, hakuacha hata moja, lakini kucheka aliacha.

Wakati huo kule Gerezani, nyuma ya karakana za gari, alikuwepo fundi wa gia, Fundi Chande, mtu wa miraba minne hasa. Jioni karakana ikifungwa alitoa vyuma vyake, magurudumu ya gia yaliyochakaa, na vijana wakawa wanapiga tizi pale. Zuberi alikwenda akaomba kujiunga, nami nikamfuata. Fundi Chande akampa bomba tupu, bila chuma hata kimoja.

"Mwezi mzima utainua hili," akamwambia. "Mpaka mgongo ujue njia. Leo unainua, kesho unapumzika. Unakula, unalala mapema. Mwili unajengeka ukiwa umelala, sio ukiwa hapa. Wewe bado unakua, mwanangu, usijifanye winchi."

Ningekuwa na akili za sasa ningemwandikia Zuberi maneno yale ukutani. Lakini vijana waliokuwa pale wenye vifua walikuwa wanacheka lile bomba, na yeye kicheko alikuwa nacho bado masikioni kutoka sokoni.

"Fundi, wa umri wangu wanainua ngapi juu ya kichwa?" akauliza.

"Aliyejengeka vizuri? Kilo arobaini. Ila baada ya mwaka, wala usiharakishe."

Njiani kurudi nyumbani Zuberi alisema hakanyagi tena pale hadi awe na arobaini yake mkononi. Aliisema ile arobaini kama mtu anayetaja mahari.

Vyuma tulivitengeneza wenyewe, mimi na yeye. Mtaa wa pili walikuwa wanajenga, wakatupa saruji iliyobaki chini ya mfuko, mchanga tukazoa, kokoto tukaokota. Mama alikuwa na sado sita zilizopasuka ukingo ambazo wateja walizikataa. Tulimimina zege, tukachomeka kijiti kinene katikati ya kila moja, lilipoanza kushika tukakichomoa, likabaki tundu la kupitishia bomba, nalo tuliliokota palepale penye ujenzi. Mikono yangu ilinuka saruji siku tatu, na ngozi ya vidole ilikauka ikapasuka, nami nikaonyesha shuleni kama medali.

"Hii moja itakuwa kilo ngapi?" Zuberi aliniuliza zege likiwa bado bichi.

Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa hesabu nyumbani. Mimi ndiye niliyemsaidia mama mezani siku za Jumamosi, na mtoto wa muuza maharage hahitaji kufikiri kwa swali kama lile. Sado ikijazwa na kilima chake juu ni kilo nne. Kila mteja anajua, kila mpagazi anajua. "Nne," nikamjibu, nikachukua msumari nikaandika zote sita. Mizani ya mama ilikuwa chumbani, hatua kumi kutoka pale. Hatukuwaza kuileta. Mtu hapimi kitu anachokijua.

Basi kila siku mbili, baada ya swala ya Alasiri, uani kwetu pakawa na jimu ya watu wawili. Yeye anainua, mimi nahesabu. Ncha za bomba tulizifunga mpira wa tairi ili sado zisitoke. Alianza na mbili, tukasema ni nane. Baada ya miezi akaweka nne, tukasema kumi na sita. Mama alimpikia uji wa karanga bila kuuliza una kazi gani. Zuberi alikuwa ananyoosha mkono ananiambia, "Shika hapa, Mwana. Bonyeza. Unaonaje?" Mimi Mwanaidi, mtoto wa pili, niliyezoea kutumwa na kusahauliwa, nilikuwa mtu pekee duniani aliyeruhusiwa kubonyeza msuli ule na kutoa hukumu. Sijawahi kuwa na cheo kikubwa kuliko hicho, na nimeshakuwa mhasibu mkuu wa ofisi.

Nilikuwa na mawazo yangu ya kitoto juu ya jambo lile. Niliamini misuli inajazwa kama sado, kila mnyanyuo ni gao moja la maharage, na siku mtu akijaa anafungwa kilemba, anapakiwa, anaondoka. Wanaume wote wenye vifua niliowajua walikuwa nje, barazani, karakana, bandarini. Sikuwahi kumwona hata mmoja amekaa uani na dada yake.

Siku moja ya Ijumaa nilikuwa peke yangu nyumbani, nacheza duka. Mizani ya mama ilikuwa ya sahani, yenye uso kama wa saa na mshale mwekundu. Nilipima ndala, nikapima paka, akanikwaruza. Kisha nikakokota sado moja ya zege nikaipandisha juu ya sahani.

Mshale ulipita nne. Ukapita sita, ukapita nane, ukasimama tisa na nusu ukitikisika. Nilidhani nimeharibu mizani, nikaogopa kipigo. Nikachota maharage sado nzima nikayapima, mshale ukasimama nne, kwa adabu kabisa. Nikarudisha zege. Tisa na nusu.

Nilipiga hesabu kwa vidole kisha nikairudia kwa mkaa sakafuni. Sado nne ni thelathini na nane. Bomba lenyewe nalo nikalipima, kilo tatu. Arobaini na moja. Kaka yangu, Mwiko, aliyekuwa analala akiutazama ukuta kwa aibu ya kumi na sita zake, alikuwa anainua arobaini na moja juu ya kichwa, mara kumi mfululizo, tena nahesabu mimi.

Nilifuta mkaa kwa kanga. Nilikusudia kumwambia jioni ileile, naapa nilikusudia. Nilikaa kizingitini namsubiri, habari imenijaa mdomoni kama pipi. Akaingia, akavua viatu, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Ah, Mwana, nikipata tu hiyo arobaini, hapa uani hamnioni tena. Kila jioni kwa Fundi Chande na wanaume wenzangu. Utatafuta mwingine wa kumhesabia."

Alikuwa anatania. Leo najua alikuwa anatania, alinivuta na sikio akisema hivyo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilichosikia ni kwamba neno moja langu litamtoa nyumbani. Nikalimeza. Nikajiambia nitamwambia siku ya Idi. Mama alishangaa wiki ile, akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, huyu mtoto ana nini. Sina kitu, nikasema.

Nilikaa nalo wiki tatu, na katika wiki tatu hizo nilimwona kaka yangu akiharibika. Kumi na sita ilimtia wazimu. Aliacha kupumzika, akawa anainua kila siku, asubuhi na jioni, kinyume cha yote aliyoambiwa. "Nina ugonjwa gani mimi?" aliniuliza siku moja, amekaa juu ya ndoo, jasho linamtoka. "Wenzangu arobaini, mimi kumi na sita inanitoa roho. Kuna kitu mwilini mwangu hakipo." Nilimwambia ajaribu kula zaidi. Hayo ndiyo maneno niliyoona yanafaa.

Kisha akaweka zote sita. Ishirini na nne, kwa hesabu yetu. Sitini, kwa hesabu yangu.

Nilisimama mahali pangu pa kila siku karibu na karo. Alivuta pumzi, akalitoa bomba chini hadi kifuani, akasukuma kwa magoti, likapanda linatetemeka mpaka juu ya kichwa. Nikasema, "Moja." Hilo ndilo neno nililolisema, na sauti yangu haikuwa na tatizo lolote. Wakati wa kushusha, mpira wa upande wa kulia ukateleza. Sado tatu zikatoka moja baada ya nyingine, upande wa kushoto ukaanguka na uzito wake wote, na mkono wake wa kushoto haukuachia. Bega lilitoka mahali pake. Nililisikia.

Hospitali walilirudisha, wakamfunga mkono shingoni wiki nyingi. Lilipona kama yanavyopona ya watu wengi, nusu. Hadi leo akisimama kuswali, akinyanyua mikono kuanza, wa kulia unafika sikioni na wa kushoto unaishia kifuani.

Fundi Chande alikuja kumjulia hali. Alikaa kwenye mkeka, mtu mkubwa vile, kikombe cha chai kimepotea kiganjani mwake. Nilikuwa nimeshika sinia.

"Ulikuwa unainua ngapi?" akamuuliza.

Zuberi alitazama chini. "Ishirini na nne, Fundi."

Sado alikuwa hajaziona, mama alishazisukumia nyuma ya choo kwa hasira. Akamshika Zuberi bega zima akalibonyeza, kama nilivyokuwa nabonyeza mimi, akatikisa kichwa. "Ishirini na nne haitoi bega la kijana kama wewe. Sikufichi, mwanangu. Una mfupa mbaya. Wapo watu wameumbwa hivyo, si kosa lao. Achana na vyuma, achana na mizigo yote, utakuja kuvunjika."

Alisema kwa huruma, na kwa hesabu aliyopewa alikuwa sahihi. Mama alianza kulia taratibu. Nami nilikuwa pale mlangoni na sinia langu, nina namba ya kweli, tisa na nusu, namba fupi tu ambayo hata mtoto wa chekechea anaweza kuitamka. Wangenipiga. Ndilo nililoogopa. Nilikwenda kuosha vikombe.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu sina bado, majuto ninayo tangu darasa la tano.

Zuberi alipelekwa Buguruni kujifunza cherehani kwa binamu ya mama, kazi ya kukaa. Ni fundi mzuri, ameshona nguo za harusi yangu. Lakini maisha yake yote ameyaishi ndani ya lile neno la Fundi Chande. Wanawe hakuwabeba mabegani. Mpira hakucheza. Ndoo ya maji anaomba msaada, anawaambia watu bila aibu, "Mimi mfupa wangu mbaya," kama mwingine anavyosema hali pilipili. Na miaka mitatu iliyopita, mama alipofariki, nilisimama dirishani na wanawake wenzangu nikaona jeneza linatoka. Wanaume walikuwa wanapokezana, bega kwa bega, hata majirani, hata wapagazi wa soko waliomfahamu. Mtu mmoja akampisha Zuberi nafasi ya mbele, nafasi ya mwana. Nikamwona anatikisa kichwa, anagusa bega lake, anarudi nyuma. Alitembea nyuma ya jeneza la mama yake mikono mitupu hadi walipokata kona.

Buguruni tulimkuta kwenye chumba chake cha kushonea, miwani puani.

"Shikamoo mjomba," Hashimu akasema.

"Marahaba. Mbona mabega yamekuwa mengi? Mama yako anakulisha nini?" Kisha akaiona sado. Alicheka, kile kicheko cha kabla ya gunia. "Mwana! Hii bado ipo?" Akainyanyua kwa mkono wa kulia, akaiweka upesi juu ya meza ya kukatia. "Kilo nne zimekuwa nzito siku hizi. Uzee huu." Akamgeukia Hashimu. "Sikiliza, wewe vyuma utaviweza, umechukua mwili wa baba yako. Sisi ukoo huu mifupa yetu ya muhogo. Mimi ishirini na nne tu ilinilaza."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, mazuri tu, nikayaacha. Nikatoka nikaenda duka la mchele la jirani kuazima mizani. Ilikuwa ya sahani vilevile. Niliiweka mezani mbele yake, nikaipandisha sado juu, nikarudi nyuma.

Mshale ulipita nne. Zuberi alivua miwani. Ulipita nane, ukasimama tisa na nusu.

"Mizani mbovu hii," akasema.

"Sio mbovu, mjomba," Hashimu akasema. "Hata mimi niliiona inakaribia kumi. Zilikuwa ngapi?"

"Sita." Midomo yake ilikuwa inacheza, anapiga hesabu. "Hamsini na saba. Na bomba..."

"Sitini, mjomba. Juu ya kichwa? Na ulikuwa umri wangu?"

Zuberi alitabasamu. Sijui niliseme vipi tabasamu lile, lilikuwa la mvulana wa miaka kumi na tano, lilichelewa njiani. Alijishika bega la kushoto, akalibonyeza kwa vidole, polepole, kama kitu alichorudishiwa. "Kumbe mfupa ulikuwa mzima," akasema. "Kumbe uzito tu." Akacheka tena, akapiga meza. Kisha macho yake yakashuka kwenye ile nne yenye mguu uliopindwa, yakakaa hapo, yakapanda kwangu.

"Mwana. Ulijua lini?"

"Kabla," nikasema. "Wiki tatu kabla ya bega."

Hashimu aliacha kucheza na futi ya kupimia. Nje mtu alikuwa anapunguza bei ya ndizi kwa kipaza sauti. Zuberi hakuninyooshea kidole wala hakupandisha sauti, na ningelipa chochote apandishe. Aliishika sado kwa mikono yote miwili akaishusha kutoka kwenye mizani, mshale ukarudi sifuri.

"Ningembeba mama," akasema.